Siku Arobaini na Moja za Kitasa

Mtaani walimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya hospitali vikiharibika: mizani, vipima shinikizo la damu, vitanda vya magurudumu. Jina hilo alilipata kwa sababu ya ukuta wa sebule yake. Zilitundikwa hapo fremu sita, na ndani ya kila fremu kulikuwa na hati ya hataza yenye mhuri mwekundu wa serikali, ikisema kwamba kitu fulani kimevumbuliwa na yeye na kwamba kwa miaka ishirini hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kukitengeneza. Mfuniko wa sufuria unaojiinua uji ukitaka kufurika. Breki ya baiskeli. Bomba la kupulizia mimea dawa. Kiti cha kuogeshea mgonjwa. Kapi ya kupandishia matofali. Mpira wa kunyonya makohozi.

Vyote vilianzia nyumbani. Mfuniko ulimuunguza mkewe mkono mara mbili kabla haujakubali. Breki aliijaribu kwa binti yao alipokuwa na miaka tisa, kwenye mteremko, na binti akakua na kovu kidevuni ambalo baba yake, kwa mzaha, aliliita sahihi yake. Hakuna aliyenuna. Wageni walipokuja, binti mwenyewe aliinua kidevu awaonyeshe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na wengi walimwita hivyo tu: Fundi. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, na hakuwa na daftari la vipimo. Mzazi akirudi mwaka wa pili, Fundi alikuwa akimwambia, "Mwanao alikuwa kiuno ishirini na mbili, bega moja limeshuka kidogo. Amerefuka?" Watu walikuwa wakimletea watoto hata kama hawahitaji sare, wamsikie tu akitaja namba.

Mwaka aliotimiza miaka hamsini na nne, akili hiyo ilianza kumtoka. Ndivyo wote walivyoamini, naye akiwa wa kwanza.

Ilianzia mlangoni. Injinia alisema kitasa cha zamani kimekufa, akafunga kipya, kizuri, chenye mpini wa shaba. Nyumba yao ilikuwa na mlango mmoja tu, na madirisha yote yalikuwa na nondo. Siku ya kwanza Fundi aliinua mpini, akazungusha ufunguo, akatoka. Siku ya pili akafanya vilevile, mlango ukagoma. Akazungusha huku, akazungusha kule, jasho likamtoka. Akaenda dirisha la jikoni akamwita Mama Maziwa, rafiki yake wa miaka kumi na minane, aliyekuwa na duka la maziwa ng'ambo ya barabara. Hakuitikiwa. Alikaa ndani mpaka adhuhuri, mumewe aliporudi kula akiwa amevaa shati lake la kazi.

"Si hivi hapa?" Injinia alibonyeza mpini chini, akazungusha, mlango ukafunguka kwa mkono mmoja. "Nilikuonyesha jana."

"Jana uliniambia niinue."

"Mimi?" Akamtazama kwa huruma. "Mke wangu, umechoka wewe."

Kesho yake alibonyeza, mlango ukakataa; akainua, ukakataa pia. Alianza kuandika. Alibandika kipande cha karatasi juu ya kitasa: INUA. Asubuhi iliyofuata INUA haikusaidia kitu, akaamini kwamba ameandika kinyume. Akaandika BONYEZA. Nayo ikamsaliti. Kwa wiki ya pili alikuwa anaamka kabla ya jua anajikariri mwenyewe kitandani, inua, bonyeza, inua, mpaka mumewe akamwambia anamkosesha usingizi.

Binti yao alikuwa akimwachia mtoto wake wa miaka miwili kila siku baada ya chakula cha mchana. Siku moja alirudi kumchukua akakuta mlango haufunguki kutoka ndani. Mtoto analia, bibi yake analia, ufunguo unagongagonga kitasani. Alisubiri nje karibu saa nzima mpaka baba yake akatokea. Tangu hapo hakumleta tena mtoto. Alimpeleka mama yake kliniki. Daktari akamwuliza tarehe, akaitaja. Akamwambia achore saa, na kwa jinsi mkono ulivyokuwa unamtetemeka, saa ikatoka kama yai lililokanyagwa. Akaandikiwa vidonge. Vidonge vikamfanya asinzie juu ya cherehani. Sare za shule mbili zikachelewa, wazazi wakahamia kwa fundi mwingine. Injinia akaifunika cherehani kwa shuka.

"Usije ukajishona vidole," alisema.

Kisha, bila ya kuombwa, akang'oa kitasa kile akarudisha cha zamani. "Kinakuchanganya bure," alimwambia. Fundi alimshika mkono akamshukuru, machozi yakimlengalenga.

Miezi mitano baadaye Injinia alikuwa safarini kikazi, na tarishi akaleta barua kutoka ofisi ya hataza. Fundi aliifungua ili amsomee mumewe kwenye simu. Barua ilisema kwamba ombi lake la saba limetangazwa, na kwamba kwa siku sitini liko wazi kwa mtu yeyote kulisoma au kuliwekea pingamizi. Jina la uvumbuzi lilikuwa "Kitasa cha kumzuia asitoke mtu aliyepotewa na kumbukumbu."

Aliisoma mara tatu. Moyo ukamjaa. Alidhani mumewe ameuona ugonjwa wake, akakaa akafikiria, akamtengenezea kitu cha kumlinda. Hakumpigia simu. Alitaka akione kwanza, amshangilie akirudi. Aliandika anwani ya ofisi kwenye kiganja kwa kalamu, kwa kuwa hakujiamini tena, akavaa gauni lake la bluu akaenda.

Masjala ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kirefu chenye rafu za chuma. Karani alikuwa mwanamume mwembamba aliyekohoa kila baada ya maneno machache. Alimletea jalada, akamwekea kiti karibu na dirisha.

"Soma taratibu, mama. Ni haki ya kila mtu."

Kurasa za kwanza zilikuwa na michoro. Kitasa kimepasuliwa katikati: springi mbili, kipande cha chuma kinachoteleza, na sumaku ndogo. Maelezo yalisema kwamba mtu aliye nje akipitisha sumaku kwenye fremu ya mlango, mpangilio wa ndani hubadilika. Kilichokuwa kinafunguka kwa kuinua mpini sasa kitafunguka kwa kubonyeza; anayekosea hukikwamisha kwa robo saa, kila jaribio likianza hesabu upya, na aliye ndani hawezi kuona tofauti yoyote. Fundi alirudia sentensi hiyo akiifuata kwa kidole.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na jedwali. Juu yake iliandikwa: "Majaribio yalifanyika kwa siku arobaini na moja. Mhusika: mwanamke, miaka 54, mwenye akili timamu, asiyejua kuwa anajaribiwa."

Alisoma tena maneno mwenye akili timamu. Kisha akashuka kwenye mistari.

Siku ya 2. Majaribio ya kufungua: 63. Dakika ya 14, mhusika alimwita jirani kupitia dirisha la jikoni. Jirani hakuitika, kama alivyoelekezwa.

Siku ya 9. Mhusika amebandika karatasi. Karatasi haikuathiri matokeo.

Siku ya 17. Mhusika yuko na mtoto mdogo. Mhusika alilia dakika 22.

Siku ya 23. Mhusika ameanza kutumia vidonge. Muda wa kupambana umepungua. Kifaa kinafanya kazi vizuri zaidi.

Karani alimkuta ameinamia meza, paji la uso juu ya jalada. Alidhani amezimia. Akamletea maji katika kikombe cha plastiki.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi," Fundi alisema. "Hapa wameandika siumwi."

Aliomba nakala ya ukurasa huo na fomu ya pingamizi. Fomu iliuliza sababu. Akaandika kwa herufi kubwa: ALINIFUNGIA. Karani akaisoma, akakohoa, akamrudishia.

"Hii haimo, mama. Hapa hawaulizi kama mtu alionewa. Wanauliza kama kitu ni kipya."

"Ni kipya. Hakuna mwingine aliyewahi kumfanyia mtu hivi."

Karani alitazama huku na huku, kisha akavuta kiti. Aliweka kidole kwenye mstari wa siku ya pili. "Mimi si mwanasheria. Lakini huyu jirani alielekezwa wapi? Alikiona kitasa? Kwa sababu kitu kikionyeshwa hadharani kabla ya kuombewa hataza, basi si kipya tena. Upya unakufa palepale."

Fundi alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa binti yake. Binti alisoma nakala akiwa amesimama jikoni, mtoto amemng'ang'ania mguu. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri.

"Baba angeniambia," alisema.

"Ndiyo hivyo, hakukuambia. Niletee mtoto kuanzia kesho."

"Tusubiri kidogo, mama."

"Tusubiri nini? Imeandikwa hapo, akili timamu."

"Imeandikwa. Lakini hata hivyo ulikuwa umebadilika, sote tuliona." Binti alijishika kidevu, kama alivyozoea akiwa na wasiwasi. "Na vidonge je? Umeacha mwenyewe au daktari amekwambia?"

Fundi aliichukua nakala yake akaondoka bila kuaga.

Injinia aliporudi safari, alimkuta mkewe ameketi sebuleni na ile karatasi mapajani. Aliitambua kabla hajavua viatu. Hakushtuka. Alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha miguu.

"Ulinifungia siku arobaini na moja," Fundi alisema.

"Za kazi. Jumapili sikuzihesabu."

"Ulinifanya nijione mwehu."

"Ningefanyaje? Mgonjwa halisi angenivurugia matokeo. Leo anakumbuka, kesho hakumbuki, utajuaje kama ni kitasa au ni yeye? Nilihitaji mtu mwenye akili safi, na hapa mtaani sijaona akili safi kama yako." Alisema hivyo kama anayemsifu, na pengine alikuwa anamsifu kweli.

"Mtoto akaondolewa kwangu. Nikapelekwa kliniki."

"Hayo yalijitokeza yenyewe. Mimi sikumwambia mtu kwamba unaumwa. Nilinyamaza tu."

"Ulikuwa unakaa wapi? Umeandika mpaka dakika nilizolia."

Hapo tu ndipo alipogeuza uso. "Nilikuwa likizo," alisema. "Nilikuwa hapo kwa Mama Maziwa."

Asubuhi yake Fundi alivuka barabara. Mama Maziwa alikuwa anasuuza madumu, na alipomwona uso wake, aliacha maji yakimwagika.

"Ulinisikia nikikuita?"

Mama Maziwa alifunga bomba. "Nilikusikia."

"Kila siku?"

"Siku nyingine nilikuwa sokoni." Akaanza kulia. "Alisema ni mchezo wa mtu na mkewe, dada yangu. Alisema utacheka mwenyewe mwisho wa siku. Halafu siku zikawa nyingi, nikaona haya kukuambia. Nitakuombaje radhi mimi?"

"Sitaki radhi yako. Nani mwingine alikuwepo?"

"Wanywa maziwa wa asubuhi. Fundi baiskeli. Yule mwalimu wa hesabu. Hata muuza magazeti."

"Walikiona kitasa?"

"Alikuwa nacho cha pili, cha mfano. Tulikipitisha mkono kwa mkono."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Basi utakuja na mimi ofisi ya hataza, useme hayo. Useme mlivyokaa na mlivyocheka. Useme yote. Ukipunguza hata neno moja ili unihurumie, sitakusamehe."

Shauri lilisikilizwa baada ya wiki tano, katika chumba kidogo chenye feni iliyolegea. Mbele alikaa msajili msaidizi, mtu mzima mwenye miwani, aliyezungumza polepole na kuandika kila kitu. Injinia alikaa kulia na faili lake. Fundi alikaa kushoto. Binti yao alikaa nyuma, upande wa baba yake.

Mama Maziwa alisema yote. Alieleza walivyokuwa wakifika mapema wapate nafasi nyuma ya friji, ambako Fundi asingewaona. Walivyokuwa wakibashiri: leo dakika ishirini, leo hamalizi kumi atakata tamaa. Siku ile ya karatasi ya INUA, mwalimu wa hesabu alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Kuna asubuhi Injinia alimpa muuza magazeti sumaku avuke yeye akabadilishe, na kijana wa watu akaenda kwa kunyata huku wengine wamejiziba midomo.

Fundi alisikiliza akitazama mikono yake. Jambo lililomchoma kuliko yote lilikuwa dogo. Mama Maziwa alisema kwamba, kwa jinsi Fundi alivyokuwa akiita, "Mama Maziwa, we Mama Maziwa," wale wanywaji walijifunza kumwigiza sauti, na mpaka leo wapo wanaoagiza maziwa kwa sauti hiyo. Yeye alikuwa amewahi kuisikia akipita. Alidhani ni wimbo.

"Watu wangapi kwa siku?" msajili aliuliza.

"Sita, saba. Jumamosi zaidi."

"Waliambiwa kwamba ni siri?"

"Siri ya nani, bwana? Mpaka wapita njia walisimama."

Injinia aliinuka. "Mheshimiwa, hao ni watu wa kunywa maziwa. Kukishika kitasa si kukielewa. Hakuna hata mmoja aliyejua kinavyofanya kazi!"

Msajili alimgeukia Mama Maziwa. "Unaweza kunieleza kinavyofanya kazi?"

Mama Maziwa alifuta macho kwa upindo wa nguo, kisha akaeleza. Springi ya juu inashikilia mpini, springi ya chini inashikilia ulimi. Katikati kuna kipande kinachoteleza, kina masikio mawili. Sumaku ikipita nje, kipande kinahamia sikio la pili, na kazi ya springi zile inabadilishana. Aliongeza kwamba chuma cha kipande hicho lazima kiwe laini, la sivyo sumaku itakiacha njiani, kwa sababu mwanzoni kiliachwa njiani, na Injinia aliwaeleza kwa nini.

Msajili aliandika kwa muda mrefu.

"Ombi limekataliwa," alisema hatimaye. "Kifaa kilitumika na kuelezwa hadharani kabla ya tarehe ya ombi."

Akaanza kukusanya karatasi zake. Fundi akasimama. "Na mimi?"

"Pingamizi lako limekubaliwa, mama."

"Nauliza mimi. Yale aliyonifanyia."

Msajili alivua miwani. Alionekana mtu mwema, na hilo lilizidi kumuumiza. "Hayo hayako mbele yangu," alisema.

Ukumbini Injinia alimpita mkewe, akasimama, akarudi hatua mbili. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kazi ya miaka mitatu," alimwambia. "Ungesema tu unataka jina lako liwemo. Ningeliweka." Binti akamshika baba yake mkono, wakateremka ngazi pamoja. Binti alimwambia taratibu, "Angalia ngazi, baba. Angalia ngazi."

Fundi alihama wiki hiyohiyo. Alipanga chumba kimoja karibu na shule ya msingi, akaibeba cherehani yake kwa mkokoteni. Wateja walirudi mmojammoja, wengine kwa haya, wengine kwa udaku. Vipimo alivikumbuka kama zamani, lakini sasa alikuwa na daftari. Mzazi alipomtajia mtoto, namba ilimjia hapohapo mdomoni, naye akaimeza kwanza, akafungua daftari ahakikishe. Binti alikuja na mtoto mara moja kwa mwezi. Alikaa naye hapohapo, mkoba begani, mpaka muda wa kuondoka.

Mwaka mmoja ulipopita, Fundi alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi kununua bawaba za kabati. Kaunta ilikuwa imejaa vitasa vyenye mpini wa shaba, vimepangwa kwa saizi. Muuzaji alikuwa anamwonyesha mteja mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya benki.

"Hiki kinatoka sana," muuzaji alisema. "Kwa wazee wanaotangatanga. Karakana tatu zinakitengeneza."

"Mbona bei yake ndogo hivi?" mwanamke aliuliza.

"Hakina mwenyewe. Hataza ilikataliwa, na michoro iko wazi pale ofisini, kila mtu anachukua. Kingekuwa na mwenyewe, ungelipa mara tano."

Fundi alisubiri mpaka muuzaji akaenda stoo kuleta kisanduku. Kisha akamsogelea yule mwanamke.

"Unamnunulia nani, dada?"

"Mama yangu. Ananisumbua, nikienda kazini anatoka."

"Ana umri gani?"

"Sabini na moja."

"Basi nikueleze. Kuna siku kinafunguka kwa kuinua mpini, kuna siku kwa kubonyeza. Mwambie mama yako ajaribu zote mbili. Akiinua kikakataa, atulie robo saa, kisha abonyeze. Mwambie si yeye, ni kitasa. Tafadhali mwambie hivyo tu, asije akadhani ni yeye."

Mwanamke alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa mshangao wa mtu aliyeombwa jambo la kipuuzi.

"Nikimwambia," alisema, "nitakuwa nimenunua nini?"

Muuzaji akarudi na kisanduku, akakifunga kwenye gazeti. Mwanamke akalipa akaondoka. Fundi akaomba bawaba zake nne na skrubu kumi na sita, akazihesabu mara mbili kwenye kiganja.